Longjing: Chai Isiyotaka Maji ya Kutokota

Menya ndizi mbichi uiache mezani, utaiona inapiga weusi. Jani la mchai lina tabia hiyo hiyo. Likichubuka, kimeng'enya kilichomo ndani yake hukutana na polifenoli na oksijeni ya hewani, na ukijani hugeuka kahawia. Viwanda vya Kericho na Mufindi hulisaga na kulichanachana jani makusudi ili mkutano huo uende mbio, na ndiyo maana chai yetu ya rangi hutoka nyekundu. Kwenye vilima vinavyozunguka ziwa Xihu mjini Hangzhou, mashariki mwa China, kazi yote ni kuuzuia mkutano huo usitokee.

Mmea ni wa spishi ileile, Camellia sinensis. Hata neno letu chai, lililopita kwa Waajemi na Wahindi kabla ya kutufikia, mzizi wake ni cha ya Kichina. Chai ya Hangzhou huitwa Longjing, yaani Kisima cha Joka, na inayothaminiwa kuliko zote huchumwa kabla ya Qingming, siku ya kuzuru makaburi inayoangukia tarehe 4 au 5 Aprili hivi. Thamani hiyo ina sababu yake. Mizizi ya mchai hutengeneza theanini, asidi amino yenye ladha ya mchuzi mtamu, na kuipandisha kwenye machipukizi. Jua likizidi ukali, theanini huvunjwavunjwa na katekini, zenye uchungu na ukakasi, huongezeka. Chipukizi la mapema limewahi kabla ya jua hilo.

Wachumaji hukata kichipukizi kimoja pamoja na jani changa moja au mawili. Mavuno hutandazwa saa kadhaa kwenye nyungo za mianzi, yanyauke kidogo, kisha huingia karaini.

Hapa ndipo penye ufundi. Karai lina joto linalopita kwa mbali lile la maji yanayochemka, limepakwa mafuta kidogo tu ya mimea ili majani yateleze, na fundi hutumbukiza mkono mtupu. Wachina huiita hatua hii kuua ubichi. Kimeng'enya ni protini, na protini ikipata moto hubadilika umbo kama ute wa yai: hairudi tena ilivyokuwa. Wakati huohuo harufu ya nyasi mbichi huruka na mvuke, huku sukari na asidi amino zikianza kuungana kwa joto, kama zinavyofanya katika karanga za kukaanga. Mafundi huhesabu miondoko kumi ya mkono: kukamata, kutikisa, kukandamiza, kusukuma, kusugua na mingineyo. Baada ya mzunguko wa kwanza majani hupumzishwa ili unyevu uliobaki kwenye vikonyo usambae hadi kingoni, kisha hurudi karaini mpaka yawe bapa, laini na makavu. Kilo 4 au 5 za majani mabichi hutoa kilo moja tu.

Siku hizi mashine hufanya sehemu kubwa ya kazi hii. Lakini kiganja huhisi unyevu unavyopungua jani kwa jani na kubadili nguvu papo hapo, na kwangu huo ni ujuzi unaostahili heshima ileile tunayompa mhunzi au mjenzi wa jahazi. Mwaka 2022 UNESCO iliziingiza mbinu za jadi za kutengeneza chai nchini China katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sasa kikombe. Sisi tumezoea chai itokote, ikolee, ipate maziwa na tangawizi. Longjing ukiifanyia hivyo umeipoteza, kwa sababu maji makali huzikamua katekini kwa wingi, ilhali theanini huyeyuka vizuri hata kwenye maji yaliyopoa kidogo. Kiasi cha nyuzi 80 kinatosha. Usipokuwa na kipimajoto, chemsha maji, yamimine kwenye chombo kingine kisicho moto, subiri dakika chache. Weka gramu 3 za majani katika glasi ya kioo, mimina maji mililita 150 hivi, ngoja dakika mbili. Sukari na maziwa viache kando. Usimalize yote: ikibaki theluthi ongeza maji, na ufanye hivyo mara mbili au tatu, kila mara ladha ikizidi kuwa nyepesi. Kunywa mbali na mlo, hasa kama una upungufu wa damu, kwani polifenoli hushikamana na madini ya chuma ya mboga na kunde.

Majani makavu yafungie pasipo mwanga wala unyevu. Wenyeji wa Hangzhou waliyatunza ndani ya mitungi yenye chokaa isiyozimwa, nayo ikanyonya unyevu wote.

Ukishakunywa, chukua kichipukizi kimoja kilichozama chini ya glasi, ukikunjue kwenye kisahani. Kichipukizi na majani yake bado vimeshikana kwenye kikonyo kimoja, kama siku kilipokatwa mlimani.