Kichwa Kinauma, na Jicho Je?

Kemisti yangu iko Samburu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, na jioni ndiyo saa ya vichwa. "Mwanangu, nipe Panadol na dawa ya kutapika." Mara nyingi ni malaria au jua. Lakini akija bibi aliyeziba jicho moja kwa kiganja, siuzi kwanza. "Bibi, hebu ondoa mkono."

Nahofia glakoma ya ghafla. Jicho hutengeneza maji na kuyatoa kila wakati kupitia pembe nyembamba iliyo mbele yake. Pembe hiyo ikiziba, presha ya jicho, ambayo kwa kawaida haizidi milimita 21 za zebaki, hupanda kwa saa chache hata ikapita 50. Maumivu hushika paji la uso, tumbo likachafuka. Ndiyo maana mgonjwa hutibiwa malaria, kipandauso, hata vidonda vya tumbo.

Mwingine huona wekundu tu, akaomba tubu ya tetrasaiklini. Macho mekundu ya kuambukizana huwasha na kutoa tongo. Jicho la glakoma huuma hasa, huona ukungu, na taa za malori huonekana zimezungukwa na duara za rangi. Nikimulika tochi, mboni iliyopanuka hainywei. Nikigusa kope zilizofumbwa, jicho hilo ni gumu kama embe bichi, lenzake laini.

Ni nadra, sikatai. Utafiti wa Kongwa, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma ya pembe kuziba kwa watu kama 6 katika kila 1,000 wenye miaka 40 na zaidi. Mimi naogopa zaidi mtoto wa jicho, yaani ukungu wa lenzi. Wazee huambiana wasubiri ukomae ndipo wapasuliwe. Kumbe lenzi iliyokomaa huweza kuvimba ikaziba pembe ile ile.

Hata rafu zangu zina lawama. Baadhi ya dawa za mafua, na Buscopan ya tumbo, zaweza kuchochea shambulio kwa mwenye pembe finyu. Sasa fikiria anayetapishwa na jicho akapewa dawa ya tumbo!

Mimi sitibu hili. Namwita kijana wa bibi, waende hospitali usiku huo huo, na mlangoni waseme jicho kabla ya kichwa. Kwetu ipo pia Kwale Eye Centre, aliyoianzisha Dkt. Helen Roberts mwaka 1993. Daktari wa macho hushusha presha kwa matone na asetazolamaidi, kisha leza hutoboa tundu dogo maji yapate njia. Jicho la pili nalo hutobolewa, na hapo ndipo familia hugoma.

"Lakini hili ni zima!"

Ni zima, bibi, ila pembe yake imejengwa vilevile.