Juma Ali na Juma Ally: Mtu Mmoja au Wawili?

Jengo la Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua tarehe 10 Julai, 2021. Moto wa namna hiyo ukishazimwa huzuka swali: nani alikuwa na kizimba kipi? Jibu hutafutwa katika daftari, na daftari la siku hizi aghalabu huwa ndani ya kompyuta.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba daftari linamtaja Juma Ali, muuza nazi, na Juma Ally, muuza nazi. Karani mzoefu atauliza namba za vitambulisho. Zikiwa moja, atajua kwamba mtu ni yule yule. Kompyuta haina busara hiyo. Katika Java, lugha ya programu iliyotangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, kila rekodi huweza kuwa “kitu”, na vitu viwili huhesabiwa kuwa tofauti, hata vikifanana neno kwa neno, mpaka mtunga programu aeleze maana ya usawa. Maana hiyo hutegemea kazi. Kwa muuza ndizi, noti mbili za shilingi 1,000 ni sawa. Kwa mpelelezi wa noti bandia, kila moja ina namba yake.

Basi mtunga programu aamue: namba ya kitambulisho ikiwa moja, mtu ni mmoja. Hapo amemaliza nusu ya kazi. Kompyuta haipekui daftari zima. Kwanza hukokotoa namba iitwayo msimbo wa hashi, ambayo huonyesha droo ya kutafutia. Tuseme msimbo ni jumla ya herufi za jina, A ikiwa 1 na Z 26, na droo ni tarakimu ya mwisho. Juma Ali hupata 67, droo ya 7. Juma Ally hupata 95, droo ya 5. Karani akiandika “Ally”, kompyuta hufungua droo ya 5, haioni mtu, humsajili upya. Muuza nazi mmoja sasa anadaiwa ushuru wa vizimba viwili, ingawa kanuni ya usawa iliandikwa barabara!

Ndiyo sababu sharti la Java ni kali: vitu vilivyo sawa lazima viwe na msimbo mmoja. Kinyume chake si lazima. Ali Juma naye hupata 67, lakini ni mtu mwingine. Wawili hao hukaa droo moja bila madhara, kwani ndani ya droo kompyuta hulinganisha vitambulisho.

Dawa ni kukokotoa msimbo kutokana na kile kile kinachoamua usawa, yaani namba ya kitambulisho. Namba ya simu haifai: muuza nazi akibadili laini, rekodi yake hubaki katika droo ya zamani, na kompyuta humtafuta katika mpya.