Chakula cha utumbo kimejaa Owino, lakini wengi hukipita

KAMPALA. Katika soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, kuna maharage, ulezi, karanga, mihogo, viazi vitamu na mchicha ambao wenyeji huuita dodo. Humo humo, chapati za unga mweupe hugeuzwa kwenye kikaango na kushushiwa soda. Kwa mchuuzi anayekaa kibandani kutwa, chapati ndiyo iliyo karibu.

Mazoea hayo yana gharama. Nchini Uganda, unene uliokithiri umeenea zaidi mijini kuliko vijijini, na kwa wanawake kuliko wanaume. Unene huo huongeza hatari ya kisukari na shinikizo la damu.

Tofauti kubwa kati ya vyakula hivyo ni nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi hazimeng'enywi katika utumbo mwembamba. Hufika utumbo mpana, ambako bakteria rafiki hula baadhi yake na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuchochea homoni za shibe. Nyuzinyuzi hizo, ziitwazo pribayotiki, zimo katika maharage, vitunguu maji na vitunguu saumu.

Elimu hii ina mizizi Kampala. Daktari Hugh Trowell, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kufanya kazi Mulago, aliona kuwa unene na kisukari vilikuwa nadra kwa wenyeji. Mwenzake wa Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliandika na wenzake mwaka 1972 kwamba wanakijiji wa Uganda walipata choo kingi na cha haraka kuliko Waingereza. Sababu waliyoitaja ni nyuzinyuzi.

Ushahidi mpya umetoka ng'ambo ya mpaka. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2025, uliwahusisha wanaume 77. Waliohama kutoka chakula cha asili kwenda cha kizungu kwa wiki mbili tu walionyesha dalili zaidi za uvimbe katika damu. Kwa waliofuata njia ya kinyume, dalili hizo zilipungua.

Hata hivyo, nyuzinyuzi peke yake haziyeyushi mafuta ya mwili. Anayetaka kupunguza uzito bado anahitaji kupunguza sukari na vyakula vya kukaanga, na kufanya mazoezi. Mgonjwa wa kisukari asiache dawa zake.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa hutoa takriban nusu ya kiasi hicho. Asiyezoea aongeze kidogo kidogo na anywe maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi.

Kwa mchuuzi wa Owino, safari ya kuyatafuta maharage hayo si ndefu: yako sokoni kwake.