Tamthilia Zisizotoka Sebuleni

Mtazamaji wa Singida hulipia tamthilia mara mbili. Kwanza hulipa ada ya mwezi ya king'amuzi au ya jukwaa la mtandaoni, kisha hununua bando la kuifikisha tamthilia hiyo kwenye simu yake. Netflix wenyewe huwaeleza wateja wao kwamba picha ya ubora wa wastani hula takriban GB 0.7 kwa saa, na ile ya ubora wa juu inaweza kufika GB 3. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliweka bei ya MB moja ndani ya bando kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Kwa kiwango cha chini kabisa cha bei hizo, saa moja ya picha ya wastani inagharimu zaidi ya shilingi 1,400, na tamthilia ya saa nane inapita shilingi 11,000. Kwa kiwango cha juu, saa hizo nane zinapita shilingi 50,000.

Kwa mkulima wa alizeti wa Ikungi au mfugaji wa kuku wa Mkalama, hizo ni fedha za mbegu au za ada ya shule. Mtu wa namna hii hana nafasi ya kuonja sehemu tatu za tamthilia mbovu ili aone kama ya nne itachangamka. Kila sehemu iliyoandikwa kwa kulipua ameilipia kwa MB. Ndiyo maana mjadala wa ubora na wingi katika tamthilia, ambao wengi huuchukulia kama mazungumzo ya watu wenye intaneti isiyokatika, unamgusa zaidi huyu aliye Kiomboi au Manyoni kuliko aliye New York.

Marekani wamekwisha kuupitia. Agosti 2015, John Landgraf, mkuu wa kituo cha FX, aliwaambia waandishi wa habari kwamba tamthilia zimekuwa nyingi kupita uwezo wa watu kuzitazama. Hakusikilizwa. Kwa hesabu za kituo chake, tamthilia zilizotengenezwa huko zilipanda hadi 599 mwaka 2022, kisha zikashuka hadi 516 mwaka 2023, kampuni zilipoanza kuulizwa faida iko wapi. Kishindo cha kushuka huko kilitufikia na sisi. Netflix ilifungua mpango wa bure wa simu nchini Kenya Septemba 2021 na kuufunga Novemba 2023. Januari 2024 Amazon Prime Video ikasimamisha kuagiza kazi mpya kutoka Afrika. Waliokuwa wamejenga matumaini yao juu ya maagizo ya wageni walibaki na skripti mkononi.

Lakini Tanzania haikuhitaji somo hilo kutoka nje, kwa sababu tulikuwa tumelipata wenyewe katika biashara ya Bongo Movie. Kuanzia miaka ya 2000, baada ya filamu kama Girlfriend ya George Tyson, soko la kaseti na baadaye DVD lilikua kwa kasi ya ajabu. Steven Kanumba na Vincent Kigosi, yaani Ray, wakawa majina ya kila nyumba. Alipofariki Kanumba tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, umati uliojitokeza Kinondoni kumzika ulionyesha jinsi watu walivyowapenda wasanii wao. Upendo huo ndio uliokuwa mtaji mkubwa wa tasnia nzima, na tasnia ikautumia vibaya. Filamu zilirekodiwa kwa siku chache. Hadithi iliyotosha saa moja na nusu ilivutwa ikawa mbili, ikakatwa vipande, ikauzwa kama sehemu ya kwanza na sehemu ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili. Msambazaji alitaka kazi mpya kila wiki, na alizipata.

Kisha mnunuzi akaacha kununua. Aprili 2017 waigizaji waliandamana Kariakoo pamoja na aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, wakidai kwamba filamu za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi zimewaua. Uharamia ulikuwa tatizo la kweli na bado ni tatizo. Hata hivyo maharamia hao hao walikuwa wakidurufu filamu za Kikorea, za Kihindi na za Kitanzania kwa pamoja, na mteja ndiye aliyekuwa akichagua. Alichagua Kikorea, lugha asiyoijua, akasaidiwa na mtafsiri anayeingiza sauti yake juu ya picha. Mtu akiacha kazi ya lugha yake na kukimbilia ya lugha asiyoielewa, kuna jambo zito ametuambia.

Ukitembea Singida mjini leo, vijana wa kurusha muvi kwenye flashi bado wako kazini, na biashara yao inatufundisha. Mteja hutaja jina la sizoni anayoitaka, au huuliza iliyotafsiriwa imetoka ipi. Ana simu na ana akaunti za mitandao ya kijamii, ila flashi humwokolea bando. Na kwa sababu analipia mzigo mzima mara moja, huwa mkali: sizoni ikimchosha, hairudii, na jirani yake anaambiwa. Hakuna tangazo linaloweza kupindua hukumu ya namna hiyo.

Hapa niseme wazi kwamba urefu si kosa. Sultan, ile tamthilia ya Uturuki ambayo Azam TV waliiingizia sauti za Kiswahili, ilikuwa na sehemu 139 kwao ilikorushwa kati ya 2011 na 2014. Watu waliifuata usiku hadi usiku, wakabishana kuhusu Hurrem kana kwamba ni shangazi yao. Kila jumba, kila vazi, kila hila ya ndani ya kasri ilionekana kuwa imefikiriwa. Na sisi wenyewe tuna mfano mkongwe zaidi. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio wa mara mbili kwa wiki uliodumu miaka mingi. Watafiti, akiwemo Everett Rogers wa Marekani, waliupima kwa makini: eneo la mtambo wa Dodoma, jirani zetu hapa Singida, halikurushiwa mchezo huo hadi 1995, ili walinganishe wasikilizaji na wasio wasikilizaji. Ikaonekana kwamba mchezo ule ulibadili mazungumzo na maamuzi ya watu kuhusu uzazi wa mpango. Ulikuwa mrefu, lakini waliouandika walijifunza kwanza maisha ya wanaoandikiwa.

Kwa hiyo tatizo si idadi ya sehemu. Tatizo ni muda ambao mwandishi hunyimwa kabla ya kurekodi, na unyimwaji huo una tokeo moja ambalo halisemwi vya kutosha: hufunga hadithi mahali pamoja.

Chukua jukwaa linaloagiza sehemu tano za nusu saa kila wiki. Hizo ni saa mbili na nusu, zaidi ya filamu nzima, kila wiki. Kwa mwaka ni saa 130. Hakuna kundi la watu, hata wawe na vipaji gani, linaloweza kubeba mzigo huo huku likisafiri. Litakodi jumba moja Dar es Salaam, liweke taa ambazo hazitahamishwa, lipange matukio yote ya sebuleni yarekodiwe Jumatatu na yote ya chumbani yarekodiwe Jumanne. Hapo ndipo tunapozipata tamthilia zetu za jioni zinazofanana: familia ya tajiri, jumba lenye geti, mtoto wa nje ambaye baba yake hajulikani, mazungumzo yanayosikilizwa mlangoni, mgonjwa hospitalini. Tumezoea kusema waandishi hawana ubunifu. Mimi naona ratiba ndiyo imewaandikia. Mwandishi anayetakiwa kuwasilisha kesho hawezi kuandika tukio la kisima cha kijijini, maana kisima hakimo ndani ya jumba lililokodiwa.

Kuna wanaojitahidi ndani ya mfumo huo, na ni haki kuwataja. Leah Mwendamseke, tunayemjua kwa jina la Lamata, ameonyesha katika Jua Kali jinsi ya kumshika mtazamaji sehemu baada ya sehemu, na uigizaji wa kizazi cha sasa ni bora kuliko ule wa enzi za DVD. Nawaza wangefanya nini wangepewa nusu ya sehemu na mara mbili ya muda.

Hatuna haja ya kubahatisha, kwa sababu tumewahi kuona. Siri ya Mtungi, iliyoanza kurushwa Desemba 2012, ilikuwa na sehemu 26 tu. Ilitoka nje ya sebule, ikaenda Bagamoyo, ikampa mhusika wake mkuu kazi ya kweli ya upigaji picha, na ikazungumza Kiswahili cha mtaani kilicho hai. Fedha zake zilitoka kwa wafadhili wa afya ya jamii, na ujumbe wa afya ulikuwamo, lakini haukuimeza hadithi. Amil Shivji naye alichukua riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, akaifanyia kazi kwa miaka, akairekodi Zanzibar kwenyewe. Mwaka 2021 filamu hiyo ilioneshwa katika tamasha la Toronto, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Filamu ya kwanza tuliyowahi kupeleka huko ilikuwa Maangamizi, ya 2001. Hizi ni kazi chache. Zimekumbukwa kuliko mamia ya DVD ambazo hata waliocheza ndani yake wamezisahau.

Sasa fikiria kinachopotea kwa mkoa kama huu wetu wa Singida, ulio karibu kilomita 700 kutoka Dar es Salaam.

Singida kuna uwanja wa mpira unaoitwa Liti. Maelfu hulitaja jina hilo kila mechi inapochezwa hapo, na wengi wa wasikilizaji wa redio nchini hawajui kwamba Liti Kidanka anasimuliwa na Wanyaturu kama mwanamke aliyewakabili Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba silaha yake mashuhuri katika masimulizi hayo ni nyuki. Mwandishi akipewa miezi sita akae na wazee wa Unyaturu, aulize aliishi vipi, alikuwa mke wa nani, waliomfuata walimwamini kwa nini, na alifikaje mwisho wake, atarudi na tamthilia ya sehemu nane ambayo haihitaji sofa hata moja.

Kule Iramba kuna Sekenke, mgodi wa dhahabu wa enzi za Wajerumani. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewazingira na fedha zimewaishia, Wajerumani walitumia dhahabu ya Sekenke kufyatua sarafu za rupia 15 huko Tabora, zaidi ya 16,000, zenye picha ya tembo. Leo wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya huzigombania kwa bei kubwa. Waliochimba dhahabu ile, wapagazi walioibeba na mafundi walioiyeyusha katika karakana ya reli, hao wote bado hawajapewa sura wala sauti kwenye kioo.

Na kuna hadithi nzito zaidi, ile ya watu-simba. Katika miaka ya 1940, Singida ilikumbwa na mauaji yaliyofanywa yaonekane kama kazi ya simba, na serikali ya kikoloni ikawakamata watu na kuwahukumu. Harold Schneider, mwanaanthropolojia aliyeishi Unyaturu na kuchapisha kitabu kuhusu Wanyaturu mwaka 1970, aliandika kuhusu mauaji hayo akitafuta chanzo chake ndani ya ugomvi wa wanawake na wanaume. Hii ni hadithi ya hofu, tuhuma, mahakama isiyojua lugha ya mshtakiwa, na familia ambazo wajukuu wao wangali hai. Ikirekodiwa kwa haraka itakuwa filamu ya mazimwi na itawaumiza watu. Ikifanywa taratibu, na wazee wakashirikishwa, inaweza kuwa moja ya tamthilia kubwa za nchi hii. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini muda wa mwandishi ni suala la maadili pia.

Najua jibu la wenye vituo. Tamthilia ndefu huajiri watu: waigizaji, wapiga picha, wapambaji, wapishi, madereva. Sehemu tano kwa wiki ni mishahara ya mwaka mzima, na mtu aliyeona tasnia ya DVD ikianguka haombi ajira hizo zipotee. Matangazo nayo huuzwa kwa wiki, na mtangazaji hangoji miezi sita ya utafiti. Hoja hizi zina uzito. Lakini ajira za Bongo Movie pia zilikuwa nyingi hadi siku mtazamaji alipochoka, na ajira iliyojengwa juu ya uvumilivu wa mteja haina msingi. Tena hakuna anayetaka vituo vifunge tamthilia za jioni. Kinachotakiwa ni kila kituo na kila jukwaa linalochukua fedha za Watanzania litenge sehemu ya bajeti yake ya mwaka kwa kazi moja fupi iliyoandikwa hadi ikaiva, na irekodiwe mahali hadithi ilipotokea.

Bodi ya Filamu na wizara wana sehemu yao pia. Tuzo za Filamu Tanzania zilizoanza mwaka 2021 hutuza kazi iliyokwisha kamilika. Fedha inayohitajika zaidi ni ile ya kabla: posho ya mwandishi kwa miezi ya utafiti, nauli ya kwenda Ikungi au Shelui, malipo ya mzee anayesimulia na ya mkalimani wa Kinyaturu au Kinyiramba. Hizo ni gharama ndogo ukilinganisha na kukodi jumba la Mbezi kwa mwaka. Wenye vituo, wekeni mistari hiyo kwenye bajeti ijayo, na mleteni mwandishi Singida kabla hamjamwambia idadi ya sehemu mnazozitaka.