Maktaba ya Mlimani na Maneno ya Wazee wa Ungoni
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliiacha maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikihamia Mlimani mwaka 1964. Jumba lake jipya, lililofunguliwa mwaka 2018 likiwa na nafasi ya vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, limekwisha sifiwa na wengi, nami sina la kuzidisha. Kinachonishughulisha mimi, mtu wa Mbinga, ni ule mkusanyo uitwao East Africana, ambao msomaji hauingii na kujichukulia apendacho, bali huandika ombi, akangoja, akaletewa, akasoma papo hapo. Wako wanaouita utaratibu huo ubahili. Lakini aghalabu vilivyomo ni nakala za pekee, na nakala ya pekee ikipotea haina badali.

Hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo J. W. T. Allen alizitolea orodha mwaka 1970, ni fahari ya mwambao. Sisi wa Ruvuma fungu letu ni karatasi za Vita vya Maji Maji. Mwaka 1968, kwa kuwa tarihi ya vita vile ilikuwa imetegemea mno kalamu ya Wajerumani walioshinda, wanafunzi wakiongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa walikwenda vijijini, wakaketi na wazee waliokuwa wangali hai, wakayanakili masimulizi yao kabla kaburi halijayafunika. Katika juhudi hizo O. B. Mapunda na G. P. Mpangara walitoa kitabu juu ya vita katika Ungoni, kilichochapwa mwaka 1969.

Ila kitabu hicho ni cha Kiingereza, na mjukuu wa msimulizi asiyeijua lugha hiyo hana njia ya kuyafikia maneno ya babu yake. Vitabu vipigwavyo chapa Peramiho hupanda Mlimani kwa amri ya sheria, inayowataka wachapaji watoe nakala. Lakini sijaona sheria inayoviteremsha huku. Mtu wa Liuli au Mbamba Bay hana budi kupanda hadi Mbinga, apite Songea, asafiri zaidi ya kilomita 1,000, ndipo aandike ombi lake na kungoja.

Juma lijalo tutakwenda Morogoro, kwenye maktaba ya taifa ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, ambacho wataalamu wake wamezichunguza ngoro, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo.