Bega la Mrushaji Aliyeketi

Pete ya mpira wa kikapu hutundikwa mita 3.05 kutoka sakafuni, wala haishushwi kwa ajili ya anayecheza akiwa katika kitimwendo. Mchezaji aliyesimama huanza kurusha kwa magoti: nguvu hupanda kutoka miguuni, hupita kiunoni, na mkono humalizia tu. Aliyepooza miguu hudai nguvu hiyo yote begani, na bega hilohilo ndilo linalosukuma magurudumu kutwa na kumhamisha kutoka kitandani hadi kitini. Si ajabu kwamba maumivu ya bega ni ya kawaida kwa watumiaji wa vitimwendo, hata wasiocheza.

Mchezo huu una asili ya kitabibu. Dkt. Ludwig Guttmann, aliyeongoza kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo kilichofunguliwa Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, aliifanya michezo kuwa sehemu ya tiba.

Anayeanza kujifunza huusukuma mpira kwa nguvu, ukaenda bapa kama jiwe la manati. Hesabu inamkataa. Pete ina upana wa sentimita 45. Mpira wa wanaume, yapata 24. Mpira ukishuka wima hupata nafasi yote. Ukishuka kwa pembe ya digrii 45, nafasi hupungua hadi takriban sentimita 32. Kwa digrii 30 hubaki 22.5, pungufu ya mpira wenyewe. Basi mpira sharti upande juu kwanza, kisha uteremkie kikapuni.

Kiti kigeuzwe kidogo, bega la mkono unaorusha likiwa mbele. Mpira ukae juu ya vidole, si kiganjani; kiwiko kiwe chini yake, na mkono wa pili uuegemeze ubavuni bila kuusukuma. Mkono unyooke kuelekea juu, na kiganja kimalizie kwa kuinamia chini. Mwenye misuli dhaifu ya kiwiliwili afungwe mkanda, la sivyo atatumia bega kuzuia asianguke.

Mazoezi yaanzie karibu na kikapu, hata kwa mpira mdogo. Kiwiko kikianza kutanuka na bega kupanda kuelekea sikioni, umbali huo umezidi kwa siku hiyo. Kuendelea ni kuuzoeza mwili kosa.

Maumivu yanayomwamsha mchezaji usiku, au mkono usioweza kuinuliwa, yafikishwe kwa mhudumu wa afya mapema. Naye mhudumu asiseme tu, “Pumzisha mkono.” Kwa mtu huyu maneno hayo ni sawa na kumwambia asitoke kitandani. Afadhali ampunguzie mirusho kwanza, kisha atazame anavyosukuma kiti na anavyojihamisha, kwani huko bega hutumika mara nyingi kuliko uwanjani.