Vita vya Mtu Mmoja Mezani

Usiku wa kuamkia kikao, waendeshaji wengi wa mchezo wa Dungeons & Dragons hufanya jambo ambalo mgeni akilikuta ataurudisha mlango polepole. Wanaketi peke yao, wanapanga mashujaa wanne upande huu na mazimwi upande ule, kisha wanarusha dadu za pande zote mbili. Wanashambulia, wanajikinga, wanajiua. Wanataka kujua mapema kama pambano walilotunga litawatoa wenzao jasho au litawazika.

Mchezo huo, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji hubeba shujaa mmoja. Mwendeshaji hubeba yaliyobaki, yaani maadui, wenyeji, hali ya hewa na sheria. Ni haki yake kufanya mazoezi. Ila swali linalompeleka mezani, nani atashinda, ndilo ambalo zoezi hilo hulijibu vibaya kuliko yote.

Lichukue pambano la kwanza la Lost Mine of Phandelver, kisa cha wanaoanza kilichotoka mwaka 2014. Mashujaa wa ngazi ya kwanza wanasindikiza mkokoteni, wanakuta farasi wawili wamekufa njiani, na mazimwi wanne wa aina ya goblini wanawavamia kutoka vichakani. Kila goblini ana pointi 7 za uhai na thamani ya pointi 50 za uzoefu, kwa hiyo wanne ni 200. Kanuni za mwaka ule ziliagiza jumla hiyo izidishwe kwa 2 maadui wakiwa kati ya 3 na 6, kwa kuwa wengi hupata zamu nyingi za kupiga. Tunafika 400, na kwa mashujaa wanne wa ngazi hiyo, 400 ndipo linapoanza daraja la juu kabisa: pambano la kufisha. Hivyo ndivyo wageni walivyokaribishwa. Waandishi waliweka hata maelezo ya nini kifuate mashujaa wakishindwa, goblini wawapore na kuwaacha wamezimia, ingawa walilihesabu tukio hilo kuwa la nadra.

Jedwali la kanuni hizo linasema pambano ni zito. Halisemi uzito huo utamwangukia nani. Hapo dadu husaidia. Mchawi chipukizi aweza kuwa na pointi 8 za uhai na kinga ya 12. Goblini huongeza 4 kwenye dadu ya pande 20, kwa hiyo humpata kila dadu inapotoa 8 au zaidi, sawa na asilimia 65. Mshale wake huumiza kwa dadu moja ya pande sita kujumlisha 2. Goblini wawili wakitangulia kupata zamu na wote wakamlenga mchawi, uwezekano wa yeye kuanguka kabla hajatamka neno ni karibu nusu. Naye huenda ni mtu aliyetumia jioni nzima kuchagua rangi ya joho.

Tatizo linaanza mwendeshaji anapotaka kutoka kwenye raundi ya kwanza hadi kwenye hukumu ya mwisho. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akiwa anapata nafuu baada ya ugonjwa, alicheza karata za mtu mmoja na kujiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani. Hesabu kamili ilikuwa ndefu mno. Akaona ni rahisi kucheza mara nyingi na kuhesabu matokeo. Yeye na John von Neumann waliigeuza fikra hiyo kuwa mbinu ya Monte Carlo, ikatumika katika maabara ya Los Alamos kukokotoa mwendo wa nyutroni. Lakini mbinu hiyo inadai wingi. Mashujaa wakishinda mapambano 70 katika 100, uwezo wao halisi bado waweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 61 na 79. Aliyecheza mara tatu akashinda mara mbili amejua tu kwamba usiku umekwisha.

Kompyuta hucheza maelfu ya mara kwa dakika, ila lazima iambiwe kila mmoja atamlenga nani: aliye karibu, aliyejeruhiwa zaidi, au mwenye joho. Nyutroni haina kinyongo, wala karata haimwoni mwenzake akianguka ikaamua kukimbia.

Maofisa wa Prussia walijua mapema kwamba mpiganaji huamua kwa kile anachokiona. Katika mchezo wa kivita ambao Luteni von Reisswitz aliuwasilisha jeshini mwaka 1824, pande mbili hazikuonana. Mwamuzi alisimama katikati, akaambia kila upande kile tu ambacho upande huo ungeweza kukiona. Mwendeshaji aliye peke yake ni pande zote mbili na mwamuzi pia. Goblini wake wanajua mchawi amebakiza uganga gani. Mashujaa wake wanajua kichaka kipi kina watu.

Na mwamuzi mwenye upande ni hatari kuliko dadu mbaya. Kwa simulizi ya ofisa wa Japani Fuchida Mitsuo, katika mazoezi ya mezani ya Mei 1942 ndani ya manowari Yamato, dadu ziliamua kwamba Akagi na Kaga, manowari za kubebea ndege, zimezama. Admeri Ugaki Matome aliyesimamia akapunguza mabomu yaliyopata shabaha kutoka tisa hadi matatu, Akagi ikapona, na baadaye Kaga nayo ikafufuliwa. Mwezi uliofuata, katika mapigano halisi huko Midway, zilizama zote mbili, na nyingine mbili pamoja nazo. Mwendeshaji anayerudia rusho la dadu saa sita usiku kwa sababu “hilo halikuwa la haki” hana manowari za kupoteza, lakini kazi anayoifanya ni ileile.

Kwa hiyo mimi ningecheza raundi mbili tu, na ningezicheza kwa upande wa adui. Goblini ana uwezo wa kupiga kisha kujificha ndani ya zamu ileile, na mwendeshaji aliyechoka huusahau, akamwacha asimame njiani akingoja panga. Akiutumia, pambano ni jingine kabisa, ingawa jedwali bado linasoma 400. Baada ya raundi hizo mbili ningeandika shujaa yupi alianguka kwanza, goblini wanataka nini hasa, na wakibaki wangapi watatoroka. Upande wa mashujaa ningeuacha wazi. Jumamosi atatokea mchezaji atakayewauliza goblini bei ya kupita, na hakuna dadu iliyorushwa Ijumaa inayojua goblini atadai kiasi gani.